Ukurasa wa Thelathini na Moja

Nchi hii haipo, kwa hiyo msijisumbue kuitafuta kwenye ramani. Kama kuna msomaji atakayehisi amewahi kuishi humo, kulipa kodi humo au kupanga foleni humo, namshauri anywe maji na apumzike. Mimi nasimulia tu.

Katika nchi hiyo isiyokuwepo, Rais, ambaye kikatiba aliitwa Mtukufu na kikatiba hakosei, alipewa zawadi na balozi wa nchi ya mbali. Zawadi yenyewe ilikuwa mtungi wa Kiyunani wa zamani sana, mweusi, wenye ufa, umechorwa wanaume wanaokimbia bila nguo. Mtukufu aliutazama mtungi ule kwa muda mrefu, kisha akauliza wale wanaume wanamkimbia nani. Baraza zima la mawaziri halikujua. Siku iliyofuata ikatoka amri kwamba Chuo Kikuu cha Taifa kiwe na Idara ya Akiolojia ya Kiyunani na Historia ya Kale, na Mtukufu mwenyewe awe Mlezi wake. Mwaka ule hospitali hazikuwa na glovu, lakini hadithi hii haihusu hospitali.

Idara ikapata bango, gari, dereva, mpika chai na mkuu wa itifaki. Kilichosahaulika ni mtu anayewajua Wayunani. Akatafutwa, akapatikana Dokta Nyamizi Kaseko.

Nyamizi alikuwa amesoma ughaibuni miaka tisa. Alichimba mashimo katika visiwa vya Wayunani mpaka magoti yakaota sugu, na ukimpa kigae kisichozidi ukucha atakuambia kilivunjika kutoka chungu gani, cha karne ipi, na kama mfinyanzi alikuwa mtu wa haraka au wa taratibu. Chuo kilimpokea kwa mikono miwili, kikampa mkataba wa miezi minne. Ulipokwisha kikampa mwingine wa miezi minne. Siku tunayoanza hadithi yetu alikuwa kwenye mkataba wa thelathini na tatu, yaani mwaka wa kumi na moja, na barua za ofisi ya utumishi bado zilimwita "mgeni wetu". Alifundisha masomo yote ya idara peke yake. Dereva ndiye aliyekuwa mwajiriwa wa kudumu.

*

Hatimaye likatoka tangazo: Profesa wa Akiolojia ya Kiyunani, nafasi moja, ya kudumu. Nyamizi alilisoma ubaoni mara mbili. Sifa zote alikuwa nazo, hata ile ya kusoma maandishi ya kale. Alipeleka maombi asubuhi ile ile, na njiani kurudi alijikuta anaimba, jambo ambalo hakuwa amelifanya kwa miaka.

Kesho yake tangazo lilikuwa limebadilishwa. Sifa ya kusoma maandishi ya kale ilikuwa imeondolewa na mahali pake pameandikwa: "Awe na uzoefu usiopungua miaka sita wa kusimamia mabanda ya kuku."

Mzee Kidulu, mtunza stoo wa idara, alikuja akasimama nyuma yake, naye akasoma.

"Dokta, wewe umewahi kufuga kuku?"

"Sijawahi, mzee wangu."

"Basi kazi hii ina mwenyewe. Kuna shemeji hapo."

Shemeji aliyesemwa ni Bwana Gaudensi Lutende, kaka wa mke wa Makamu Mkuu wa Chuo, Profesa Ezironi Mbalazi. Bwana Lutende alikuwa amepewa mradi wa kuku wa serikali, na kuku wote walikuwa wamekufa katika wiki moja. Familia ilikaa kikao ikaona kwamba mtu huyu apewe kazi ambayo viumbe wake wameshakufa tayari.

Usaili ulifanyika kwa utaratibu wa siku zote. Kwa kuwa hakuna mjumbe aliyelijua somo, maswali pamoja na majibu yake yaliandaliwa na mhadhiri wa muda. Na kwa kuwa mhadhiri wa muda alikuwa pia ndiye katibu wa vikao vyote vya idara, Nyamizi aliingia chumbani, akaketi kiti cha mwombaji, akaulizwa, akajibu, kisha akainuka, akahamia kiti cha katibu na kuandika alivyojibu.

Alianza Bwana Lutende.

"Bwana Lutende," Profesa Mbalazi alisema, akiwa amelisukuma kando faili la maswali, "unawafahamu Wayunani?"

"Nawasikia, shemeji. Samahani, Profesa."

"Una nia ya kuwafahamu?"

"Nia ninayo."

Profesa Mbalazi aliwageukia wajumbe. "Waheshimiwa, mwenye nia ni bora kuliko aliyekwisha kujua. Aliyekwisha kujua atajifunza nini tena? Atatuletea kiburi tu." Bi. Oliva Sangu, Msajili wa Chuo, aliandika alama tisini na saba, na zile tatu akasema amezipunguza ili haki ionekane kutendeka.

Ikafika zamu ya Nyamizi. Aliulizwa swali moja.

"Binti," Profesa alisema, na binti mwenyewe alikuwa na miaka arobaini na sita, "umekaa hapa miaka kumi na moja hujaajiriwa. Sasa sisi tutamwajirije mtu ambaye hata sisi wenyewe hatujawahi kumwajiri?"

Nyamizi aliinuka. Kisha akahamia kiti cha katibu na kuandika kwamba mwombaji hakuwa na jibu. Alipata arobaini na moja.

Barua za matokeo nazo ziliandikwa na katibu. Hivyo jioni ile Nyamizi Kaseko alimwandikia Nyamizi Kaseko: "Tunasikitika kukujulisha kwamba, licha ya sifa zako nyingi, hapa kwetu hapana nafasi yako. Tunakutakia kila la heri huko uendako." Aliisoma, akasahihisha mkato mmoja, akaipiga muhuri, akajipelekea mezani kwake, akasaini kitabu cha kupokelea.

*

Mpaka hapo angeweza kuvumilia. Miaka kumi na moja inamfundisha mtu kumeza. Lakini wiki iliyofuata Profesa Mbalazi alimwita ofisini, akamkaribisha kiti kabisa.

"Nyamizi, mwanangu, kile kitabu chako cha vigae kimefikia wapi?"

Kitabu hicho alikuwa amekiandika kwa miaka tisa. Kilihusu nyumba ya mfinyanzi mmoja wa Athene, iliyofukuliwa kigae kwa kigae, na Nyamizi mwenyewe alikuwa mmoja wa waliopiga magoti shimoni. Alisema kimekwisha, kinasubiri mchapaji.

"Vizuri sana. Unajua Profesa Lutende ni mgeni katika fani, na profesa bila kitabu watu watasema. Kitatoka kwa jina lake. Wewe utatajwa kwenye shukrani, umesaidia kupiga chapa. Halafu kuna jambo jingine dogo. Mtukufu atakuja kumthibitisha, nataka sherehe ya Kiyunani hasa, siyo hizi za ngoma na soda. Hebu niambie, Wayunani walikuwa wakimtangazaje mtu mkubwa?"

Msomaji, tusizungukane: Nyamizi alitaka kisasi. Hakutaka haki, haki alikuwa ameshaiomba kwa maandishi akajinyima mwenyewe kwa muhuri. Alitaka watu hawa waumie, na alitaka waumie kwa kitu ambacho mwanafunzi wake wa mwaka wa kwanza angekijua. Lakini alikuwa msomi, na katika kazi yake hakuwa amewahi kusema uongo kuhusu Wayunani. Hakuona sababu ya kuanza siku ile.

"Athene walikuwa na kura ya vigae," alisema. "Raia walikusanyika uwanjani. Kila mmoja aliokota kigae cha chungu kilichovunjika, akakwangua jina la mtu mmoja. Kura zikipungua elfu sita, hakuna kitu. Zikitimia, mwenye majina mengi anatangazwa mbele ya mji mzima."

Macho ya Profesa yaling'aa. "Elfu sita. Halafu anafanywa nini?"

"Nitaandika hati, Profesa. Hilo litakuwa ukurasa wa thelathini na moja."

"Andika basi. Iwe nene."

Akaandika. Hati ilikuwa na kurasa arobaini, yenye tanbihi, vyanzo na picha za vigae halisi. Ukurasa wa thelathini na moja ulisema kwa herufi za kawaida, wala si ndogo, kwamba mtu aliyetimiza kura hizo aliondoka katika nchi ndani ya siku kumi, na hakukanyaga tena humo kwa miaka kumi. Mali yake haikuguswa. Wayunani waliwaogopa watu waliojikuza kupita kiasi, na hiyo ndiyo ilikuwa dawa yao.

Sasa, katika Chuo Kikuu cha Taifa kulikuwa na kanuni ya zamani kwamba hati yoyote huhesabiwa imesomwa mara tu inapogusa meza ya Baraza la Chuo. Kanuni hii iliokoa muda mwingi. Hati ya Nyamizi iligusa meza saa nne na dakika tano, na saa nne na dakika sita ilikuwa imepita. Wajumbe waliweka sahihi kila ukurasa, ukiwemo wa thelathini na moja, ambao Bi. Oliva aliumwagia chai kidogo akaufuta kwa kiganja. Kutoka hapo ikapelekwa Ikulu, ikasainiwa na Mtukufu, ikawa sheria.

Kabla hati haijafika mezani yalikuwepo marekebisho mawili tu. La kwanza, Profesa Mbalazi alipofikiria uwanja umejaa, Mtukufu jukwaani, na jina la shemeji yake likitajwa peke yake, roho ilimuuma. Yeye ndiye aliyemtoa shemeji kwenye mavi ya kuku.

"Nyamizi, hao Wayunani walitangaza mtu mmoja tu?"

"Mmoja, Profesa."

"Ubahili huo. Andika kila atakayefikisha elfu sita atatangazwa. Hata wakiwa wawili."

"Utasaini wewe badiliko hilo?"

"Nasaini sasa hivi."

La pili ni lake Nyamizi, nalo lilikuwa kwenye ukurasa wa thelathini na mbili. Tutalifikia.

*

Chuo kilikuwa na wanafunzi elfu nne na ushei. Profesa alipiga hesabu akaona hawatoshi, na zaidi ya hapo wanafunzi hawaaminiki. Akachukua makarani kumi na wanne, akawafungia stoo ya Mzee Kidulu wiki tatu mchana kutwa, kila mmoja na msumari, wakwangue vigae. Agizo lilikuwa elfu saba vya Mbalazi na elfu sita mia nne vya Lutende, maana bosi lazima aongoze.

Vigae navyo vilitoka wapi? Vyungu vya soko zima vilinunuliwa vikavunjwa. Havikutosha. Zikavunjwa sahani za bwalo, vikombe vya maabara, masinki mawili ya bweni la wasichana na vigae vya paa la maktaba. Mvua ikanyesha kwenye vitabu. Wanafunzi walikula wali kwenye vifuniko vya ndoo, na hakuna aliyelalamika, jambo ambalo lingepaswa kumshtua Profesa, kwa sababu wanafunzi wale walikuwa na desturi ya kulalamikia hata sikukuu.

Hawakulalamika kwa sababu wote walikuwa wamepita mikononi mwa Nyamizi. Kwa amri ya Mtukufu, somo la Wayunani lilikuwa la lazima kwa kila mwanafunzi, awe wa sheria au wa mifugo, na kura ya vigae ilikuwa muhadhara wa tatu. Siku tangazo la sherehe lilipobandikwa, umati ulilisoma kimya, wakatazamana, wakaenda kutafuta misumari.

Mzee Kidulu ndiye aliyemfuata Nyamizi. "Dokta, mimi sikusoma. Lakini nawaona wanafunzi wanacheka wakipita nje ya stoo. Kuna nini?"

Nyamizi alimweleza. Mzee alikaa juu ya gunia la vigae akacheka mpaka akashika mbavu, kisha akawa mzito ghafla.

"Na yule profesa mpya je? Si ndiyo kazi yake kujua haya? Akishtuka?"

"Akishtuka, mzee, basi kazi inamfaa, na mimi nitamnyooshea mkono."

Ili nafsi yake isije kumsumbua, siku mbili kabla ya sherehe alimpelekea Profesa Lutende nakala ya hati, akaifungua ukurasa wa thelathini na moja, akaiweka mbele yake. Lutende alikuwa anapimwa joho na fundi.

"Profesa, umepitia hati?"

"Nimeipitia yote, dada. Nzuri sana. Hasa ule upishi."

Hapakuwa na upishi. Nyamizi aliiacha hati pale pale, imefunguka. Alipopita tena jioni kuchukua funguo, ilikuwa imewekewa chupa ya chai. Alimwambia Mzee Kidulu kwamba amemfanyia mtu usaili, na mtu amefeli.

*

Siku ikafika. Uwanja ukajaa. Balozi wa ule mtungi alikuwa mstari wa mbele, na wa kwanza kutokwa na jasho ni yeye, maana kwao mambo haya yanafundishwa shule ya msingi. Aliinama mara tatu kutaka kumnong'oneza mkuu wa itifaki, na mara tatu akaambiwa asubiri zamu yake kwenye ratiba.

Kura zikahesabiwa mbele ya watu. Nyamizi, kama katibu, alikaa karibu na rundo. Alivitambua vile vya stoo kwa kutupa jicho tu, mikono kumi na minne, mmoja wao wa mtu wa mashoto. Sheria ilihitaji idadi, haikuuliza mwandiko.

Gaudensi Lutende: elfu sita mia nne kumi na mbili. Ezironi Mbalazi: elfu kumi na moja mia tatu ishirini na nane.

Profesa Mbalazi alitoa leso akajifuta machozi. Hakuwa ametegemea wanafunzi wanampenda kiasi hicho. Kwa hakika wanafunzi elfu nne mia tatu na zaidi walikuwa wamemwandika kwa hiari yao, kwa herufi kubwa, lakini peke yao elfu sita wasingefika. Aliyewafikisha ni yeye mwenyewe.

Mtukufu akapewa hati asome tamko. Ilikuwa desturi ya nchi kwamba Rais husoma sheria jukwaani, na mara nyingi hiyo ndiyo huwa mara yake ya kwanza kuiona. Akaweka miwani.

"Na kila aliyetimiza kura elfu sita," alisoma kwa sauti nzito, "ataondoka nchini ndani ya siku kumi, wala hatakanyaga tena ardhi yake kwa miaka kumi."

Profesa Mbalazi alipiga makofi. Alikuwa na mazoea ya kupiga makofi kila Mtukufu anapovuta pumzi. Alipiga kama mara sita hivi peke yake, kisha mikono ikaganda hewani.

"Mtukufu," alisema, "nadhani kuna kosa."

"Kosa la nani?" Mtukufu aliinua hati juu. "Hii sahihi ni ya nani?"

"Ni yako, Mtukufu."

"Mimi hukosea?"

Kujibu ndiyo ni uhaini. Kujibu hapana ni kupanda ndege. Profesa alimtafuta Nyamizi kwa macho, akampata, naye Nyamizi hakuyakwepesha yake.

"Hukosei, Mtukufu."

"Shemeji," Lutende alisema kwa sauti iliyosikika hadi viti vya nyuma, "si uliniambia ni sherehe?"

Mtukufu alicheka. Alicheka sana, akasema Wayunani walikuwa na akili, kisha akauliza ni nani aliyeandika hati ile. Vidole vyote vya jukwaani vikamwelekea Nyamizi, vya Bi. Oliva vikiwa viwili.

"Huyu ana kazi hapa?"

"Ni mgeni wetu, Mtukufu," Bi. Oliva alisema. "Miaka kumi na moja."

"Apewe kazi ya yule." Akaonyesha joho la Lutende kwa fimbo yake.

*

Barua ziliandikwa na katibu, kwa kuwa katibu hakuwa amebadilika. Nyamizi hakutunga mpya. Alichukua ile ya zamani, akabadilisha majina tu: "Tunasikitika kukujulisha kwamba, licha ya sifa zako nyingi, hapa kwetu hapana nafasi yako. Tunakutakia kila la heri huko uendako." Alizipeleka mwenyewe uwanja wa ndege, siku ya kumi, na akamtaka kila mmoja asaini kitabu cha kupokelea.

"Nyamizi, mwanangu, ulijua."

"Niliandika, Profesa. Na wewe ulisaini."

Waandishi wengine hapa wangeandika kwamba kisasi kilimwachia uchungu mdomoni, kwamba alirudi nyumbani akiwa mtupu. Hapana. Alirudi akala ndizi na nyama, akaongeza. Kisha akaketi, akachukua mkataba wa thelathini na nne uliokuwa umeshaandaliwa, akaugeuza, na nyuma yake akajiandikia rasimu ya barua ya ajira ya kudumu. Kitabu kilitoka kwa jina lake. Kwenye shukrani alimtaja Profesa Ezironi Mbalazi kwa msaada wake mkubwa wa kukusanya vigae.

Mwezi uliofuata Mtukufu alimwita Ikulu. Alikuwa ameupenda mtindo ule na tayari alikuwa na orodha ya mawaziri watano. Aliuzungusha ule mtungi mikononi, wanaume wakikimbia kuuzunguka.

"Profesa Nyamizi, hebu niambie. Huko kwa Wayunani, yule mkubwa wao kabisa, naye aliweza kuandikwa kwenye kigae?"

"Jibu liko ukurasa wa thelathini na mbili, Mtukufu. Hapo pameandikwa pia kwamba kura hurudiwa kila mwaka, tarehe ile ile."

"Mimi niliusaini?"

"Uliusaini."

Mtukufu alitabasamu, akasema atautafutia nafasi ausome. Nyamizi aliinama kwa heshima akaaga. Aliporudi chuoni alimkuta Mzee Kidulu amefungua mlango wa stoo, na wanafunzi wako kwenye foleni ndefu, kila mmoja amebeba chungu kutoka kwao kwa ajili ya kura ya mwakani.